"Mali ikishauzwa hairudishwi": yanayomkuta mnunuzi wa baiskeli Kenya na Tanzania

Katika maduka mengi ya baiskeli, kuanzia Busia na Kisumu nchini Kenya hadi Mwanza na Shinyanga nchini Tanzania, kuna maneno ambayo mteja huyaona hata kabla salamu yake haijaitikiwa. Yameandikwa kwa rangi ukutani, au yamepigwa mhuri chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Muuza maziwa aliyejinyima kwa miezi kadhaa huyasoma, huyapokea kama mtu apokeavyo mvua, kisha huhesabu noti zake na kuondoka na baiskeli mpya. Wiki tatu baadaye gurudumu la nyuma linapoanza kuyumba na spoki kukatika moja baada ya nyingine, huyakumbuka maneno yale na wala harudi dukani. Huenda kwa fundi, akatoa fedha nyingine.

Maneno hayo ya ukutani hayana nguvu yote ambayo wateja huyapa. Sheria za Kenya na Tanzania zinasema jambo tofauti. Hata hivyo sheria huja mwishoni mwa kisa, mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Chanzo cha manung'uniko mengi kiko ndani ya duka, katika ile nusu saa ambayo mteja na muuzaji husimama pande mbili za kaunta, kila mmoja akidhani kwamba mwenziwe ndiye mwenye wajibu wa kuuliza.

Suala hili si geni kwa wakazi wa mpakani. Ni Busia, mji unaogawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda, ambako usafiri wa bodaboda ulianzia miaka ya 1960, vijana walipowabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Jina lenyewe lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Pikipiki zimelinyakua jina hilo, lakini baiskeli hazikuondoka. Magharibi mwa Kenya zingali zikibeba abiria juu ya keria yenye kiti cha sponji. Katika miji ya Shinyanga na Kahama zimepewa jina la daladala, sawa na mabasi ya mijini. Zinabeba maziwa, mkaa, ndizi, madumu ya maji na samaki wa Ziwa Victoria. Kwa watu hao baiskeli ni mtaji, na siku inaposimama ni siku isiyo na kipato. Ndiyo maana tofauti kati ya muuzaji anayejali na asiyejali haihusu adabu peke yake.

Inauzwa kabla haijawa baiskeli

Jambo la kwanza ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi ni kwamba baiskeli mpya aghalabu haifiki dukani ikiwa nzima. Hutoka viwandani, hasa China na India, ikiwa vipande ndani ya boksi: fremu imefungwa karatasi, magurudumu pembeni, na pedali, kengele na nati katika mfuko mdogo. Muuzaji huuza boksi hilo kwa jina la baiskeli. Anayeligeuza kuwa baiskeli ni fundi, na katika maduka mengi fundi huyo si mwajiriwa wa duka. Anakaa barazani au chini ya mti ulio karibu, ana sanduku lake la spana, na hulipwa na mteja kwa kila baiskeli anayoiunganisha.

Mpango huo una faida zake. Mteja huona kazi ikifanyika mbele ya macho yake, na fundi hupata riziki bila ya kulipa kodi ya pango. Lakini huacha pengo ambalo lawama zote hutumbukia ndani yake. Baiskeli ikileta matatizo, muuzaji husema ubovu umetokana na uunganishaji. Fundi husema vipuri ndivyo dhaifu. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na mteja hana namna ya kujua.

Kiufundi, baiskeli iliyounganishwa leo haijamalizika. Chukua mfano wa baiskeli nyeusi ya kubebea mizigo, ile yenye breki za vyuma na tairi za inchi 28, ambayo muundo wake ulitoka Uingereza na hadi leo hutengenezwa India. Kwa desturi gurudumu lake la mbele lina spoki 32 na la nyuma 40, kwa sababu mzigo hukaa nyuma. Spoki zikianza kubeba uzito, kila moja hukaa vyema mahali pake na kulegea kidogo. Baada ya wiki chache za kwanza gurudumu linapaswa kurudishwa kwa fundi, spoki zikazwe kwa usawa na ringi inyooshwe. Lisiporudishwa, spoki zilizolegea hupinda na kunyooka katika kila mzunguko, kama waya unaokunjwa mara nyingi kwa mkono, mpaka zikatike. Zikikatika mbili au tatu, uzito wake huhamia kwa jirani zake, nazo hufuata.

Hali kadhalika mikono ya pedali. Katika baiskeli za aina hiyo kila mkono hushikiliwa na kipini cha chuma chenye umbo la kabari, kinachogongwa kwa nyundo na kukazwa kwa nati. Kipini hicho nacho hulegea mwanzoni. Mwendeshaji anayeendelea kukanyaga pedali huku kimelegea hukitafuna, na baadaye huutafuna mkono wenyewe, hata kipini kipya kisishike tena. Kazi ya dakika tano na spana moja huwa gharama ya mkono mzima.

Pedali ya kushoto ina siri yake. Hesi zake zimegeuzwa: hukazwa kwa kuzungushwa kinyume na nati ya kawaida, ili isijifungue mtu anapoendesha. Fundi mwenye haraka huisukuma kwa nguvu upande usio wake, hesi zikaharibika siku ileile ya kununua. Mteja hutambua siku pedali inapochomoka akiwa njiani na abiria nyuma.

Muuzaji anayeijua kazi yake huyasema hayo yote kwa sentensi mbili: "Tumia wiki mbili tatu, kisha irudishe tuikaze." Ni maneno yasiyomgharimu chochote. Yapo maduka yanayoyasema na kuikaza bure, na wenye maduka hayo wanajua kwa nini: mteja aliyerudi kukaziwa spoki ndiye atakayerudi kununua tairi, tyubu na mnyororo kwa miaka kumi ijayo. Faida ya duka la baiskeli haiko katika baiskeli pekee; vipuri ndivyo vinavyolifanya duka lifunguliwe kila asubuhi. Inashangaza kwamba wengi hawaufanyi huo ukarimu mdogo.

Ishirini na sita mbili

Kisa cha pili kinawahusu zaidi wenye baiskeli za mtumba. Katika bandari ya Dar es Salaam huingia baiskeli nyingi zilizotumika kutoka Japani, zile za mjini zenye kikapu mbele, taa na kufuli la gurudumu la nyuma. Ni imara na wanawake wengi huzipenda kwa sababu fremu yake iko chini. Tairi zake zikichakaa, mwenye baiskeli huenda dukani na kuomba "tairi namba 26". Kijana wa kaunta humpa tairi namba 26. Mteja hulipa, humpelekea fundi, na fundi hutumia saa nzima akihangaika nayo kwa vyuma viwili bila ya kuiingiza kwenye ringi.

Hakuna aliyedanganya. Tatizo ni kwamba zipo tairi za namba 26 zaidi ya moja, na hazibadilishani. Baiskeli nyingi za mjini za Japani hutumia tairi iliyoandikwa 26 x 1 3/8, ambayo hukaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 590. Baiskeli za milimani, zenye tairi nene na meno makubwa, hutumia tairi iliyoandikwa kwa nukta, kwa mfano 26 x 1.95, na ringi yake ni ya milimita 559. Tofauti ni milimita 31. Tairi ya pili haiwezi kupanda juu ya ringi ya kwanza hata kwa nguvu za watu wanne. Ya kwanza ikiwekwa kwenye ringi ya pili hulegea na kuruka ikijazwa upepo.

Ubavuni mwa tairi nyingi kuna namba nyingine iliyochapwa kwa maandishi madogo, kama vile 37-590 au 50-559. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha ringi, zote kwa milimita. Hiyo ya pili haina utata, na mteja anayeikariri namba hiyo moja hahitaji ujuzi mwingine. Muuzaji mzuri hamtaki mteja aikariri. Humwambia alete tairi ya zamani, akailinganisha na mpya kaunta kabla ya kupokea fedha.

Ubishi huanza tairi inaporudishwa. Fundi amekwisha kuivuta kwa vyuma, kingo zina mikwaruzo, na mwenye duka hasemi uongo anapodai kwamba hawezi kumuuzia mtu mwingine bidhaa ile kama mpya. Mteja naye hasemi uongo anapodai kwamba alitaja baiskeli yake ni ya aina gani. Swali linalopaswa kuamua ni hilo: je, alitaja? Aliyesema "nipe namba 26" amechagua mwenyewe. Aliyesema "nipe tairi ya baiskeli hii", huku akiionyesha, amemwachia muuzaji uamuzi, na uamuzi ukiwa na kosa, kosa ni la muuzaji. Watu wachache hutambua kwamba tofauti hiyo ndogo ya kauli ina uzito hata mbele ya hakimu.

Vali za tyubu nazo hutofautiana. Tyubu za baiskeli za Kijapani na za zile nyeusi za mizigo aghalabu huwa na vali ya mtindo wa zamani, yenye kofia ndogo inayofungwa kwa nje; za milimani huwa na vali kama ya gari.   

Anayesemeshwa na asiyesemeshwa

Ukiacha vipuri, yako mambo ya kiutu ambayo hayapimwi kwa milimita. Mwanamke anayeingia duka la baiskeli pamoja na kaka yake au mumewe mara nyingi hulipa yeye lakini husemeshwa yule mwanamume. Akiuliza kama fremu itamfaa, jibu huelekezwa pembeni yake. Akienda peke yake huulizwa kama baiskeli ni ya mtoto. Si kila duka, na vijana wa siku hizi wana nafuu, lakini ni jambo linalosimuliwa mno kiasi cha kutoweza kupuuzwa. Matokeo yake ni hasara ya biashara: katika vijiji vingi anayebeba maji, kuni na mazao kwenda sokoni ni mwanamke, naye ndiye anayeijua vizuri kazi ambayo baiskeli inanunuliwa kuifanya.

Fundi anayemsindikiza mteja dukani naye ana nafasi yake ya pekee. Mteja asiyejua vipuri humwomba fundi wake waende pamoja, na hilo ni jambo la busara. Asichokifahamu ni kwamba maduka mengine humpa fundi kile kinachoitwa nchini Tanzania "cha juu", fedha inayoongezwa kwenye bei na kurudishwa kwake mteja akiwa ametoka. Kuna wanaoliona jambo hilo kuwa wizi. Pengine ni haki zaidi kusema kwamba fundi analipwa kwa ujuzi wake bila ya mlipaji kuambiwa. Mteja anayekubaliana na fundi wake mapema juu ya ujira wa kumsindikiza humwondolea sababu ya kumpeleka kwenye duka lenye cha juu kikubwa badala ya lenye bidhaa nzuri.

Halafu kuna lile swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: "Na risiti au bila risiti?" Bei ya bila risiti huwa ndogo. Tanzania ilianza kutumia mashine za kielektroniki za kutolea risiti mwaka 2010, na sheria ya kodi inamtaka muuzaji atoe risiti na mnunuzi aidai. Punguzo lile ni kodi ambayo haitafika serikalini. Hilo wateja wengi wanalijua. Wasilolifikiria ni kwamba pamoja na kodi wameuza pia ushahidi wao. Siku fremu itakapopasuka kwenye maungio, duka litaweza kusema halijawahi kumwona mtu huyo.

Ujumbe wa simu unasaidia, lakini kwa sehemu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na leo wateja wengi hulipa kwa simu hata vitu vidogo. Ujumbe unaobaki unaonyesha siku, kiasi na jina la aliyelipwa. Hauonyeshi kilichonunuliwa. Na iwapo mteja aliambiwa atume kwa namba binafsi ya kijana wa kaunta badala ya namba ya malipo ya duka, jina lililomo kwenye ujumbe si la duka hata kidogo. Risiti inayofaa ina jina la duka, aina ya baiskeli na namba ya fremu. Namba hiyo hugongwa kwenye chuma, kwa kawaida chini ya mahali pedali zinapozungukia au kwenye bomba la kiti, na ndiyo inayomsaidia mwenye baiskeli pia akiibiwa na kuhitaji kuithibitisha mali yake polisi.

Ukuta na sheria

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliingiza haki za mlaji katika ibara ya 46: bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, taarifa za kumwezesha mnunuzi kufaidi alichonunua, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 ilifuata. Pamoja na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni ya kale zaidi na ina asili ya Kiingereza, inamchukulia muuzaji kuwa ametoa ahadi ya ubora hata kama hakutamka neno. Na sharti lolote linalodai kuiondoa ahadi hiyo kwa mlaji ni batili. Bango la ukutani ni sharti la namna hiyo linapotumiwa dhidi ya bidhaa yenye kasoro.

Tanzania Bara ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Jina lake huwafanya watu wadhani inahusu makampuni makubwa tu. Ndani yake mna sehemu zinazopiga marufuku udanganyifu katika biashara na zinazoweka masharti ya ubora ambayo huhesabiwa kuwemo katika kila mkataba wa mlaji. Tume hiyo pia hushughulikia bidhaa bandia kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kenya ina chombo mahususi cha kazi hiyo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Kwa upande wa baiskeli, ubandia huonekana zaidi katika vipuri: tairi, tyubu, minyororo na golori zilizofungwa katika pakiti zenye jina linalofanana na la kiwanda maarufu, herufi moja ikiwa imebadilishwa.

Msikilizaji wa Uganda anayo sheria yake ya mwaka 2017 inayohusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma, lakini aliyevuka Busia au Mutukula na kununua ng'ambo kwa kawaida atadai haki yake huko alikonunua.

Yapo mambo mawili ambayo sheria haimpi mnunuzi. La kwanza, haimpi haki ya kurudisha baiskeli kwa sababu tu amebadili mawazo, au ameiona yenye rangi nzuri zaidi duka la pili. Hapo bango lina haki yake. La pili ni zito zaidi na halijulikani sana. Sheria za kale za uuzaji, ambazo nchi hizi zilizirithi wakati wa ukoloni, zinasema kwamba mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Ringi iliyopinda inaonekana kwa macho gurudumu likizungushwa. Aliyeizungusha akaridhika, kisha akarudi kesho yake kulalamika, amejidhoofisha. Ufa ulio ndani ya maungio ya fremu, chini ya rangi, ni jambo jingine. Huo hakuna mteja angeuona, na muuzaji hawezi kujificha nyuma ya ukaguzi.

Kwa hiyo dakika zinazotumika dukani zina thamani. Mnunuzi anyanyue gurudumu la mbele na kulizungusha, atazame pengo kati ya ringi na breki kama linabaki sawa. Alitikise gurudumu kushoto na kulia kwa mkono, asikilize kama golori zina nafasi. Aligeuze boksi la fremu kama bado halijafunguliwa na atazame maungio kwa nje. Apande kabla ya kuondoka, hata kama ni mita hamsini barazani. Muuzaji anayemkataza mteja kujaribu baiskeli anayoinunua kwa fedha taslimu amekwisha kujieleza.

Wakati na maziwa ya asubuhi

Kenya ilianzisha Mahakama ya Madai Madogo kwa sheria ya mwaka 2016, nayo ikaanza kusikiliza kesi mwaka 2021. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, haimlazimishi mlalamikaji kuwa na wakili, na inatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Kwa upande wa Tanzania mlalamikaji anaweza kufika Tume ya Ushindani au kufungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo, ambako shughuli zote huendeshwa kwa Kiswahili. Milango ipo.

Lakini siku 60 ni siku 60, na maziwa hukamuliwa kila alfajiri. Hapa ndipo penye kikwazo halisi. Mchuuzi ambaye gurudumu lake limeanguka Jumatatu anahitaji baiskeli Jumanne saa kumi na moja asubuhi. Anampelekea fundi, fundi anafungua kila kitu, anabadilisha spoki kumi na kukaza ekseli. Kwa kufanya hivyo ameirudisha kazini na papo hapo ameuharibu ushahidi, kwa maana duka sasa litasema baiskeli imeguswa na mtu baki. Wauzaji wasio waaminifu wanaitambua hesabu hiyo vizuri kuliko wateja wao. Wanajua kwamba maskini hana nafasi ya kusubiri, na bango la ukutani linategemea jambo hilo zaidi ya linavyoitegemea sheria.

Jitihada za kuliziba pengo hilo zimetoka zaidi upande wa biashara kuliko wa serikali. World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005 na linalotengeneza baiskeli nzito za mizigo zenye jina la Buffalo, limeendesha shughuli zake Kenya kwa njia ya kuuza baiskeli pamoja na vipuri vyake na kufundisha mafundi wa mahali. Hoja ya mpango huo ni rahisi: baiskeli isiyo na fundi aliye karibu na kipuri kinachopatikana haitadumu, hata ikiwa na chuma kizuri kiasi gani. Maduka ya kawaida hayana uwezo wa shirika, lakini baadhi yamechukua njia ndogo inayofanana na hiyo: fundi mmoja huwekwa ndani ya duka na kulipwa na duka, ili kazi yake iwe dhamana ya mwenye duka. Panapokuwa hivyo, yule anayeuza na yule anayeunganisha ni kitu kimoja, na mteja anajua mlango wa kuubisha.

Wanaovuka mpaka wana jambo moja la ziada la kuangalia. Hati rahisi ya uasili inayotolewa na maofisa wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 huhusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Baiskeli iliyotengenezwa China au India haigeuki kuwa ya Kenya kwa kununuliwa Kisumu. Mnunuzi aulize forodhani kabla ya kulipa dukani, na risiti awe nayo mkononi, kwani bila hiyo ofisa atakadiria thamani mwenyewe.

Na kwa yule ambaye gurudumu lake limekwisha kuanguka na kesho ana safari, ipo njia ya kati. Kabla fundi hajashika spana, picha za simu zipigwe: gurudumu zima, spoki zilizokatika, maungio, na namba ya fremu ikionekana. Simu itunze tarehe. Fundi aandike kwenye karatasi ya daftari alichokikuta na alichokibadilisha, pamoja na bei, aweke jina lake na saini. Spoki na vipini vilivyotolewa visitupwe. Vifungwe kwenye mfuko na kupelekwa dukani pamoja na karatasi hiyo, mapema, kabla wiki haijaisha, mteja akiwa na risiti yake na akidai gharama ya matengenezo badala ya baiskeli nyingine. Dai dogo lenye vithibitisho mkononi hulipwa mara nyingi kuliko dai kubwa lenye makelele, hasa likitolewa saa nne asubuhi, duka likiwa limejaa wateja wengine wanaosikiliza.